MTOTO ASOME NYUMBANI KILA SIKU: MANENO YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WA IGAMBA

_(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwenye kikao cha wanachama wa tawi. Yanatumwa kwenye kundi kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Waliofika nao wawasomee wenzao wasio na simu.)_



Taarifa ya ada na ya kadi itatumwa kwa ujumbe wake peke yake, kwa hiyo hatutaigusa hapa. Kikao hiki tumekiwekea jambo moja tu: mtoto wa Igamba asome nyumbani, kila siku, kwa sauti, mtu mzima akimsikiliza. Dakika 20 zinatosha.

Wapo watakaouliza jambo hili linaingiaje kwenye kazi za tawi. Tuanze na jibu la swali hilo.

*1. Kazi hii matawi yaliwahi kuifanya*

Wazee mliopo hapa mnaukumbuka mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima saba kati ya kumi nchini hawajui kusoma wala kuandika. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miti, kwenye maghala, na kwenye majengo ya shule watoto walipokwisha kutoka. Walimu hawakutosha, basi aliyemaliza darasa la saba akamfundisha jirani yake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi wakisikiliza redio, wakasoma pamoja kitabu cha kampeni, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kufikia 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya asilimia 10.

Kazi kubwa namna ile haikufanywa na walimu peke yao. Ilifanywa na viongozi wa mitaa na vijiji waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza: mama, leo unakuja darasani?

Lipo na jambo la pili ambalo wakubwa wale walilijua. Walijua kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, atasahau. Ndiyo maana wakaanzisha maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho lililochapwa kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa. Kujua kusoma ni kama njia ya kwenda shambani. Usipoipita msimu mmoja tu, nyasi zinaifunga.

Kwa hiyo hatuanzishi jambo geni. Na tuliweke wazi mapema: mtoto hana kadi ya Chama. Haya tunayosema ni kwa watoto wote wa jirani zetu, wa chama chochote na wasio na chama. Wala hatutakwenda shuleni na bendera, kwa sababu shule si mahali pa siasa. Kazi hii inafanyika nyumbani kwa kila mmoja wetu.

*2. Hesabu ya dakika*

Ofisi ya katibu imezoea daftari la mapato na matumizi, kwa hiyo mtuvumilie tukiliweka jambo hili kwenye hesabu.

Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mwaka una siku 365. Toa 194, zinabaki 171. Hizo 171 mtoto yuko mikononi mwetu toka asubuhi mpaka usiku, na hata zile 194 anarudi nyumbani jua likiwa bado halijazama.

Sasa tuingie darasani. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Tuchukue mfano wa darasa lenye watoto 60. Hatusemi shule fulani, ni mfano wa hesabu tu, na wengine mtasema tumepunguza. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Gawanya kwa watoto 60, kila mtoto anapata sekunde 30 za kusoma kwa sauti mwalimu akimsikiliza. Hapo mwalimu asiandike ubaoni, asisahihishe daftari hata moja, asimnyamazishe mtu.

Zidisha sekunde 30 kwa siku 194. Unapata sekunde 5,820, ambazo ni dakika 97. Saa moja na dakika 37 kwa mwaka mzima. Hata ukiweka vipindi viwili kwa siku, ni saa tatu na robo hivi.

Njoo nyumbani. Dakika 20 kwa siku. Tusijidanganye kwamba tutaweza siku zote 365. Tuondoe siku 65 za ugonjwa, misiba, harusi, safari na uchovu. Zinabaki 300. Zidisha kwa dakika 20, unapata dakika 6,000, yaani saa 100.

Upande mmoja wa daftari kuna saa moja na nusu, upande wa pili kuna saa mia. Anayetaka kujua kwa nini mtoto wa fulani anasoma na wa fulani hasomi, wakati wamekaa dawati moja mbele ya mwalimu mmoja, aangalie hapo kwanza.

Hatumlaumu mwalimu. Bwana shamba anakuja kutuonyesha namna ya kupogolea mbuni. Anakata mmoja au miwili tukiangalia, anaondoka. Mibuni mingine yote shambani tunaipogolea wenyewe. Hakuna aliyewahi kumsubiri bwana shamba arudi kumalizia shamba zima. Mwalimu anamwonyesha mtoto namna. Mazoezi ni ya nyumbani.

*3. Je, mtoto anasoma au anakariri?*

Mzazi anafurahi kumsikia mtoto wa darasa la pili akitiririka ukurasa mzima bila kusimama. Lakini mara nyingi mtoto ameushika ukurasa ule kwa kichwa, kama anavyoshika wimbo. Wenzake wamekuwa wakiusoma kwa pamoja kwa sauti wiki nzima, naye ameufuata kwa masikio.

Kipimo chake ni rahisi, na hata mzazi asiyesoma anakiweza:

▪️ Mwambie aanzie katikati ya ukurasa, asianzie mwanzo.
▪️ Funika picha kwa kiganja.
▪️ Mwonyeshe neno moja peke yake kwa kidole, kisha jingine la mstari wa chini.
▪️ Mpe kitu ambacho hajawahi kukisoma: mfuko wa mbegu, kalenda ya ukutani, tangazo la mnada.

Anayesoma atapita, hata kama polepole. Aliyekariri atakwama pale pale. Akikwama usimpige wala usimcheke. Umeshapata jibu ulilokuwa unalitafuta, na sasa unajua pa kuanzia.

Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika nchi yetu, na Kenya na Uganda, wakimpa mtoto karatasi yenye ngazi: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Walifanya hivyo nyumbani ili wawafikie na watoto wasiokwenda shule. Wakakuta watoto wa madarasa ya juu, wengine hata wa darasa la saba, ambao hadithi ile ya darasa la pili iliwashinda. Watoto hao hawakuwa watoro wote. Wengine walikuwa wamekaa darasani miaka yote, wamepanda darasa kila Januari, na hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao peke yao na kuwaambia: soma hapa.

Tuseme na neno moja juu ya mwendo. Mtoto anayesoma ka-ha-wa i-me-i-va, silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi yenye maneno kumi ameshasahau mwanzo wake. Akili yote imekwisha kwenye kuunganisha silabi, haibaki ya kuelewa. Mwalimu anaposema mtoto haelewi sayansi wala maarifa ya jamii, mara nyingi tatizo halipo kwenye sayansi. Mtoto hajafika kwenye sayansi bado, anahangaika na maneno. Na mwendo hauongezeki kwa kuelezwa. Unaongezeka kwa kusoma kila siku, kama mguu unavyozoea mlima.

*4. Mzazi ambaye hakusoma*

Hapa ndipo wengi wanapojitoa. Mama anasema: mimi sikusoma, nitamsaidiaje? Babu anasema: macho yangu yamechoka.

Tunasema hivi: mtoto anahitaji msikilizaji. Kaa karibu naye. Mwambie aweke kidole chini ya maneno na asome kwa sauti. Ukisikia sentensi haina maana, mwambie arudie. Masikio yako yanajua Kiswahili hata kama macho yako hayajui herufi.

Akimaliza, mwambie afunge kitabu akusimulie alichokisoma, kwa Kinyiha. Kama nyumbani kwenu ni Kindali, Kinyamwanga au Kisafwa, akusimulie kwa hiyo. Hiki ni kipimo kizuri kuliko maswali ya mtihani. Aliyeelewa ataweza kulisema jambo kwa lugha ya nyumbani. Ambaye hakuelewa atarudia maneno ya kitabu vile vile, maana hana kitu cha kutafsiri.

Kisha muulize maswali matatu: nani alifanya nini? Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungefanyaje? La tatu ndilo watakalolipenda, na ndilo litakalowafanya kesho wakitafute kitabu wenyewe.

Bibi zetu wanaotoa hadithi jioni waendelee, tena wasione haya kuzitoa kwa Kinyiha. Mtoto aliyezoea kusikiliza hadithi ndefu, akajua kwamba ina mwanzo na fundo na mwisho, akikutana nayo kwenye kitabu anaijua njia. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika hadithi ya bibi yake kwa Kiswahili kwenye daftari, na hicho kikawa kitabu cha mdogo wake wa darasa la pili.

*5. Cha kusoma kinatoka wapi?*

Tusiseme hakuna vitabu kabla hatujatafuta.

Kwanza, shule ina vitabu vya kiada. Mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu, kwa adabu, aombe utaratibu wa mtoto kuazima kitabu Ijumaa na kukirudisha Jumatatu. Akirudishe kikiwa safi, kimewekwa kwenye mfuko. Mzazi akifanya hivyo mara mbili tatu, mwalimu atamwamini.

Pili, wenye simu kubwa: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule, na kuvisoma ni bure. Bando la kuangalia video fupi usiku kucha linatosha kufungua kurasa nyingi za kitabu. Vijana wa tawi mnaojua mambo haya, muonyesheni angalau mzazi mmoja kila mmoja wenu.

Tatu, maandishi yaliyomo ndani ya nyumba zetu. Biblia ipo, Kurani yenye tafsiri ipo. Mfuko wa mbolea una maelezo. Pakiti ya mbegu ya mahindi ina umbali wa mashimo na kiasi cha mbegu. Kadi ya kliniki ya mdogo wake ina tarehe. Ujumbe wa fedha kwenye simu una kiasi, makato na salio. Stakabadhi ya kahawa kutoka AMCOS ina uzito, bei na makato. Mtoto wa darasa la nne akiisoma stakabadhi ile kwa sauti mbele ya baba na mama, mambo mawili yanafanyika kwa wakati mmoja: mtoto amesoma, na nyumba imejua fedha ya kahawa ni kiasi gani.

Yupo mwanachama wa tawi hili, hatutamtaja, ambaye ameturuhusu tulisimulie lililompata. Alikuwa na shida ya fedha kabla ya msimu, akakubaliana na mnunuzi mmoja kuuza kahawa ingali mtini. Aliletewa karatasi aweke dole gumba. Aliambiwa ni kahawa ya msimu mmoja, na karatasi ilisema misimu miwili. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Mtoto wake wa darasa la sita alikuwa amekaa pembeni yake, na mzazi akamwambia aisome. Mtoto alisoma mistari mitatu, akakwama, akaona aibu mbele ya mgeni, akasema ni sawa. Mzazi akaweka dole.

Ndugu wanachama, tunapozungumza kusoma tunazungumza hilo. Mtoto yule alikuwa na miaka sita ya shule, sare safi, na ripoti nyumbani zenye nafasi ya wastani. Siku nyumba ilipomhitaji asome ukurasa mmoja, hakuweza.

*6. Muda, taa na kazi za nyumbani*

Tunajua maisha yetu. Msimu wa kuchuma kahawa kila mkono unahitajika. Kuna maji ya kuchota, kuni, ng'ombe, na mdogo wa kubeba mgongoni. Hatusemi watoto wasifanye kazi, sisi sote tulikuzwa na kazi. Tunasema kazi isile dakika zote.

Muda mzuri ni mtoto akitoka shule na kula, kabla giza halijaingia. Kwa ambao umeme haujafika, au umefika kijijini na haujaingia nyumbani, mwanga wa jua ni bure, tuutumie. Mtoto anaweza kusoma mama akichambua maharage au akimenya viazi. Mama haachi kazi yake, masikio tu ndiyo yanahitajika. Baba naye asisome habari za mpira kwenye simu huku anamwambia mtoto nenda kasome. Mtoto anafuata anachokiona.

Kwa watoto wa kike tunaomba tuangalie vizuri. Katika nyumba nyingi mvulana akirudi shule anapumzika, msichana anaingia jikoni mpaka usiku. Halafu matokeo yakitoka tunasema huyu binti kichwa chake kizito. Dakika 20 za binti zilindwe kama za kaka yake. Sufuria inaweza kusimamiwa na kaka kwa dakika hizo.

Na hili la vibanda umiza. Mtoto wa darasa la tatu kukutwa kwenye kibanda cha video saa mbili usiku si kosa la mwenye kibanda peke yake. Kila mtoto aliyeko pale ametoka kwenye nyumba ya mtu.

Tunduma nayo inavuta. Vijana wetu wadogo wanakwenda mpakani kubeba mizigo, kuuza maji na karanga kwenye foleni ya malori, kuvusha vitu kuelekea Nakonde. Watu wanasema ni tamaa ya fedha. Fedha ipo ndani yake. Lakini waulizeni waliorudi. Mtoto wa darasa la tano ambaye hajui kusoma anaaibika kila siku mbele ya wenzake. Akiitwa ubaoni anachekwa, akirudi nyumbani anaulizwa kwa nini amekuwa wa mwisho. Mpakani hakuna anayemwambia soma. Anabeba, analipwa jioni. Ukitaka asitoroke, mwondolee aibu mapema, akiwa darasa la kwanza na la pili, wakati dakika 20 bado zinatosha kumfikisha. Samaki mkunje angali mbichi.

*7. Mwaka 2027*

Hili tunaomba lisikilizwe na kila mwenye mtoto shule ya msingi.

Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Walioingia darasa la nne mwaka huo huo, ambao wapo kwenye mtaala wa zamani, wanamaliza darasa la saba mwaka huo huo wa 2027. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja, na Januari 2028 yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Na sera ya elimu iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Tuitafsiri kwa hesabu ya nyumbani. Mtoto aliyekuwa na miaka saba ya kukomaa kwenye Kiswahili kabla ya sekondari, sasa ana sita. Mwaka mmoja umetoka. Akifika kidato cha kwanza anakutana na vitabu vya Kiingereza, karibu masomo yote. Anayesoma Kiswahili vizuri ana pa kushikia: amezoea kutafuta maana, amezoea kutumia kamusi, haogopi ukurasa uliojaa maandishi. Ambaye Kiswahili chenyewe anakisoma kwa kukwama anapewa mzigo wa pili kabla hajautua wa kwanza, tena kwenye darasa lenye watu wengi kuliko kawaida.

Serikali ina wajibu wake wa madarasa, madawati na walimu, na tawi hili litaendelea kuyasema hayo kwenye vikao vya juu bila kuchoka. Ada za shule za msingi zilikuwa zimeshaondolewa, na tangu Januari 2016 ada za sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne nazo zimeondolewa, na wengine tukadhani kwamba na kazi ya mzazi imeondolewa. Ada imeondolewa. Dakika 20 ziko pale pale, na hakuna bajeti ya wizara itakayotulipia.

*8. Tuliyokubaliana kwenye kikao*

1️⃣ Viongozi wa tawi tunaanza na nyumba zetu. Mjumbe yeyote akipita jioni kwa katibu au kwa mwenyekiti na asikute mtoto anasoma, ana haki ya kuuliza, nasi tutajibu.

2️⃣ Kila nyumba ichague saa yake, ile ile kila siku. Isichaguliwe na tawi, kila mtu anajua ratiba ya kwake.

3️⃣ Kila mtoto awe na karatasi moja ukutani. Akisoma siku hiyo, aliyemsikiliza anaweka alama. Asiyejua kuandika aweke mstari kwa mkaa au kalamu. Mwisho wa mwezi mnahesabu mistari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinaonekana kwa macho.

4️⃣ Mabalozi wa mashina mtakapopita kwa kazi nyingine, ulizeni tu: mtoto amesoma leo? Msikague, msiandike majina, msimtie mtu haya. Swali linatosha.

5️⃣ Mwenye kitabu cha watoto kilichokaa bure ndani akilete ofisi ya tawi. Tutafungua daftari la kuazima, jina na tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Ataazima mtoto yeyote, bila kuulizwa wazazi wake ni wa chama gani.

6️⃣ Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne katika kila shina ajitolee kusikiliza watoto wawili watatu ambao nyumbani kwao hakuna mtu wa kukaa nao: yatima, wanaolelewa na bibi mgonjwa, ambao wazazi wako safarini. Asikilize nje uani, mahali pa wazi, na mwenye nyumba ajue.

7️⃣ Baada ya miezi mitatu tutakutana tena. Hatutaleta hotuba. Kila mwenye mtoto aje naye, na kitabu ambacho mtoto hakijui. Watoto watasoma, sisi tutakaa kimya tusikilize.

Ndugu wanachama, tunayoomba hayahitaji mchango, wala mgeni rasmi, wala fedha kutoka wilayani Vwawa. Yanahitaji kigoda, mwanga wa jioni, na mtu mzima mmoja atakayekaa chini kwa dakika 20 akasema: haya mwanangu, soma nikusikie.

Anayesoma ujumbe huu jioni hii na ana mtoto nyumbani, amwite, ampe simu, amwambie aisome aya ya mwisho kwa sauti. Tuanzie hapo.



*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi
Igamba, Mbozi, Songwe